Mvua ipi? Swali ninalouliza kabla ya kukushauri tairi

Mtu akiniuliza ni tairi gani la gari la kasi linalofaa mvuani na pakavu, mimi humjibu kwa swali: mvua ipi? Wengine hudhani nawatania. Lakini lami iliyolowa tu, ile inayong'aa kama imepakwa mafuta, na lami yenye maji yaliyotuama ni mitihani miwili. Tairi linaweza kuupasua wa kwanza na kuanguka vibaya wa pili.

Kwenye lami iliyolowa, kazi ni ya mpira wenyewe. Lami ina vijiwe vyenye ncha. Mpira laini huvivaa, ukabonyea, kisha ukachelewa kidogo kurudi katika umbo lake. Kuchelewa huko ndiko kunakozaa mshiko. Zamani gharama yake ilikuwa kubwa, kwa sababu mpira wa namna hiyo ulilifanya tairi liwe zito kuviringika na gari kunywa mafuta. Silika, unga laini wa asili ya mchanga, ndiyo iliyolegeza fundo hilo. Michelin waliitumia kwenye matairi yao ya "kijani" mwaka 1992, ikichukua nafasi ya sehemu kubwa ya masizi meusi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye mpira, na leo ni vigumu kukuta tairi zuri la barabarani lisilo nayo.

Maji yakituama, habari inageuka. Piga hesabu: tairi la upana wa milimita 245, maji ya kina cha milimita 3, mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Hizo ni karibu lita 16 kila sekunde zinazotafuta pa kupita chini ya tairi moja. Mifereji ya tairi ikizidiwa, maji hulinyanyua. Ukishaonja hali hiyo huisahau: usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama vile umekatwa usiungane na kitu, na unaukata kulia gari likiendelea kwenda mbele. Hapo silika haina la kufanya, maana mpira haugusi lami.

Sasa tazama lebo ya Umoja wa Ulaya, ile inayobandikwa kwenye tairi jipya. Ile A ya mshiko wa mvuani hutokana na kufunga breki kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa, kwenye maji ya kina cha takriban milimita 1 tu. Ni mtihani wa kwanza huo! Hata AA ya Marekani, daraja lao la juu la mshiko mvuani, hupimwa kwa kuburuta gurudumu lililofungwa, moja kwa moja, kwenye lami na zege iliyolowa; kona haimo. Lebo hizo nazisoma, ila siziachii zinichagulie.

Pakavu, kila mfereji ni mpira uliopotea, na kashata ndefu, yaani vipande vya mpira vilivyo kati ya mifereji, hujipinda kwenye kona na kupata joto. Ndiyo sababu matairi ya mashindano ya pakavu huwa laini tupu, bila mfereji hata mmoja. Michelin Pilot Sport Cup 2 linaelekea huko: bega la nje limejaa mpira, mifereji ni michache. Likipata joto, pakavu ni raha tupu. Kukiwa na baridi, au dimbwi, mimi hupunguza mwendo bila aibu. Pilot Sport 4S au Continental SportContact 7 huachia nukta chache pakavu na kukurudishia utulivu mwingi mvuani. Kama una seti moja tu ya matairi, mimi sioni mjadala hapo.

Isipokuwa yakishaisha. Sheria za Ulaya zinaruhusu kina cha mifereji kishuke hadi milimita 1.6, mimi hubadilisha kwenye 3. Tena pima bega la nje, si katikati tu. Niliwahi kupima tairi la mteja aliyerudi kutoka siku ya mbio: ndani milimita 5, nje 2. Asubuhi alikuwa amepunguza upepo, kama wafanyavyo wengi, kwa kuwa joto la mbio huupandisha. Jioni matairi yamepoa, upepo uko chini, mvua imeanza, naye ameshika njia ya kurudi nyumbani. Tairi lenye upepo mdogo huelea mapema zaidi. Aliniambia gari lilimponyoka mara mbili njiani, akalaumu barabara. Nilimpa pampu yangu ndogo ya buti, akaondoka nayo.