Lenzi ya kwanza ya 4x5: maneno ya vijiweni na ukweli wenyewe

Ukishaipata kamera yenyewe ya 4x5, ile ya mvukuto na kitambaa cheusi kichwani, stori zinahamia kwenye lenzi na hapo kila mtu anageuka mtaalamu. Shida ni kwamba ushauri mwingi unaozunguka umetoka kwenye kamera ndogo, na huku kwenye filamu za shiti, yaani za karatasi moja moja badala ya mkanda, mambo kibao yamegeuka.

"150 mm? Kwani unaenda kuvuta ndege wa kisiwa cha Saanane hapa Mwanza?"

Hapana mkuu. Milimita za lenzi, yaani urefu wake wa fokasi, peke yake hazisemi kitu mpaka ujue filamu ina ukubwa gani. Shiti ya inchi 4 kwa 5 ukitoa kingo zinazoshikwa na holda, kile kibebeo cha filamu, unabaki na kama mm 96 kwa 120, kona kwa kona mm 153 hivi, kwa hiyo 150 ndo lenzi ya kawaida kabisa. Ukitaka hesabu ya haraka gawanya kwa tatu na nusu hivi: 90 inakuwa kama 26 ya kamera ya 35 mm, 150 kama 43, 210 kama 60.

"Iliyoandikwa 90 ni 90 tu, chukua ya bei rahisi"

Hii ndo inakula hela za watu kuliko zote, maana namba muhimu kuliko zote kwenye lenzi hizi mara nyingi haijaandikwa popote kwenye lenzi yenyewe. Kila lenzi inamwaga picha ya duara na filamu yako inatakiwa ikae ndani ya hilo duara, duara likiwa dogo kona zinatoka nyeusi. Kampuni ya lenzi ya Schneider wana Angulon 90 f/6.8 ya zamani na wana Super-Angulon 90 f/8, majina yanakaribiana, milimita zilezile, ila ya kwanza duara lake ni kama mm 154, yaani linagusa kona za 4x5 basi, na ya pili ni mm 216 ukifunga tundu la lenzi mpaka f/22 (namba ya f/ ikiwa kubwa, tundu ni dogo).

Utauliza hiyo nafasi ya ziada ya nini. Simama chini pale Mabatini uangalie nyumba zilivyopandiana juu ya mawe. Ukiinua kamera juu kuta zinaanza kulalia nyuma utadhani zimelewa. 4x5 huiinui, unaiacha imenyooka kwenye levo halafu unapandisha kibao cha lenzi, kile lenzi imefungwa juu yake, peke yake, mawe na mabati ya juu yanaingia kwenye fremu na kuta zinabaki wima. 150 yenye duara la mm 210, mfano Nikkor-W au Symmar-S, inakuruhusu kupanda sentimita tatu na zaidi. Ile Angulon ndogo ukipandisha hata milimita mbili kona zishaanza kuaga.

Na huhitaji kuchoma filamu ndo ujue. Vioo vya nyuma vya kutazamia picha kwenye kamera nyingi vimekatwa kona makusudi. Funga f/22, pandisha lenzi unavyotaka, weka jicho kwenye kona iliyokatwa uchungulie tundu la lenzi kule mbele. Ukiliona lote kamili uko salama, ukiliona limemegwa upande mmoja rudi chini kidogo.

"f/5.6 ni giza, tafuta f/2.8"

Huku f/5.6 ndo lenzi yenye mwanga, na huo mwanga ni wa kufokasia tu chini ya kitambaa, kupiga utapiga f/22 karibu kila siku. 150 ikiwa f/22 ukifokasi mita 10 hivi, kuanzia mita 5 hadi mwisho wa ziwa panakuwa safi. Ukitaka na dagaa waliotandazwa pale miguuni pako wawe shapu mpaka kwenye mitumbwi kule mwisho, unainamisha lenzi mbele nyuzi chache tu na fokasi nzima inalala chini pamoja na dagaa. Kanuni yake imebeba jina la Theodor Scheimpflug wa Austria, alipata hataza yake Uingereza 1904, japo ukiwa umeinama juu ya dagaa ile harufu historia yote unaisahau. Kumbuka tu kuinamisha nako kunakula duara, na vitu virefu vilivyosimama vinaweza kutoka nje ya fokasi, ndo maana f/22 bado unaihitaji. Ila usikimbilie f/64 eti kwa sababu wapiga picha kina Ansel Adams na Edward Weston walikuwa na kundi lao la Group f/64 mwaka 1932, ukifunga tundu kupita kiasi mwanga unasambaa na picha nzima inalainika.

"Mwanza ni mawe na ziwa, anza na wide, lenzi ya kuona eneo pana"

Hapa nabisha kabisa. Weka 90 ufukweni, rudi nyuma kidogo, Jiwe la Bismarck linageuka kokoto na visiwa vinakuwa kamstari. Juu ya hapo kona za kioo zinakuwa giza, mvukuto umebanwa hata kusogeza lenzi ni vita. Unayepiga ndani ya vyumba au vichochoro vya soko sawa, chukua 90. Wengine wote 150, na kama wewe ni mtu wa sura za watu kuliko mandhari chukua 210 bila wasiwasi, cheki tu mvukuto wako: mtu akiwa mita 1 kutoka kwenye lenzi, 210 inataka mvukuto wa kama mm 266, na mwanga unaopotea hapo ni theluthi mbili za stopu (stopu moja ni nusu ya mwanga), uuongeze mwenyewe.

"Kioo kina mkwaruzo, achana nayo"

Mkwaruzo mdogo wa mbele kwenye filamu huuoni, hata vile vidoa vyeupe pembeni kwenye lenzi za Schneider ni rangi ya ndani imebanduka tu. Cha kuogopa ni fangasi na shata mbovu, ile mashine ya kufungua na kufunga mwanga. Unyevu wa ziwa fangasi wanaupenda, piga tochi upitishe kwenye kioo, ukiona nyuzinyuzi ghairi, na ukinunua nzima usiifungie miezi kwenye begi la ngozi, weka na vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Shata iko kwenye lenzi, kamera haina, kwa hiyo ikifa hakuna picha. Weka sekunde 1, sikiliza gia zinavyozunguka, zikikwama katikati au zikichoka mwishoni inahitaji kusafishwa. Irekodi kwa simu kwenye slomo ulinganishe na 1/2 na 1/4.

Ubishi wa Schneider, Rodenstock, Nikon na Fuji sina muda nao, 150 f/5.6 ya kisasa ya yeyote kati yao iliyo nzima inatosha.

Kibao cha lenzi kikikosekana, fundi alumini anakukatia. Shata ya saizi ya Copal 0 inataka tundu la mm 34.6, mpe fundi kibao cha zamani aige unene na kingo, na upande wa ndani upakwe nyeusi isiyong'aa.