Kutojibu karatasi za mahakama hakuzuii kuondolewa nyumbani

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wapangaji walioko England: ukiletewa karatasi za mahakama za kukutoa nyumbani, usisaini wala usijibu, kesi itakufa yenyewe. Si kweli. Saini yako haihitajiki, na hakimu anaweza kutoa amri hata usipokuwepo.

Kwa madai ya malimbikizo ya kodi ya nyumba, bahasha ya mahakama huwa na fomu ya utetezi, N11R. Ijaze ndani ya siku 14: deni unalokubali na unalopinga, mapato, matumizi, na kiasi unachoweza kulipa. Irudishe mahakamani, si kwa mwenye nyumba, ubaki na nakala. Umechelewa? Itume hivyohivyo, na siku ya kusikilizwa uende.

Watu huchanganya madai, yaani kesi iliyofunguliwa mahakamani, na notisi, yaani barua ya mwenye nyumba ya kukutaka uhame. Notisi peke yake haimtoi mpangaji, na kwa wapangaji wengi mwenye nyumba haruhusiwi kubadili kufuli bila amri ya mahakama. Hapo ndipo uvumi ulipoota mizizi. Angalia kama karatasi ina namba ya kesi na jina la mahakama, kisha uipigie mahakama hiyo kwa namba iliyoko kwenye tovuti ya serikali. Ujumbe ule tafadhali usiusambaze. Anayeuamini huzipoteza zile siku 14.