Kiwanja kupimwa siyo kiwanja kuwa na hati

"Kimepimwa, kwa hiyo hati ipo." Hapana. Kupimwa ni jambo moja, hati ni jingine, na la kwanza halizai la pili. Naandika hapa mara moja ili kuanzia leo niwe natuma linki tu. Naongelea viwanja vya mijini Tanzania. Hatimiliki za kimila za vijijini zina sheria yake.

Upimaji unajibu swali moja: kipande hiki kinaanzia wapi na kuishia wapi. Mpima anafuata mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa, anasimika bikoni (mawe ya zege ya mipaka), anachukua vipimo, kisha anapeleka kazi yake ikakaguliwe. Ramani ikishaidhinishwa na kusajiliwa, kiwanja kinatambulika kwa namba yake na kitalu chake. Jina la mtu halimo. Ramani haijui kama kiwanja ni chako, cha shangazi yako, au cha yule aliyekiuza jana kwa watu watatu.

Na hapa ndipo madalali wanapopitia: bikoni zinaweza kuwa ardhini huku ramani haijaidhinishwa. Zege siyo idhini. Ukiambiwa kimepimwa, omba namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa, ukaihakiki ofisi ya ardhi. Namba iliyoandikwa kwa rangi kwenye jiwe siyo jibu.

Jina linaingia kwenye umilikishaji. Unaomba, unalipa tozo, hati inaandaliwa, unaisaini, inasainiwa upande wa Kamishna wa Ardhi, halafu Msajili wa Hati anaiingiza kwenye daftari. Barua ya toleo iko kabla ya hapo: ni serikali kukuambia utapewa ukitimiza masharti. Hati yenyewe haikupi ardhi milele. Ardhi ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Wewe unapewa haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, kwa matumizi yaliyoandikwa humo. Wengi hawajawahi kusoma masharti ya hati wanayoifungia kabatini.

Sasa mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti pale ni shahidi. Hana daftari la hati. (Na ile asilimia kumi ya bei inayodaiwa mezani, Sheria ya Ardhi haiijui.) Kwa ardhi iliyosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334, iko wazi: uhamisho haupitishi milki mpaka usajiliwe. Ukilipa na kuishia kwenye mkataba, daftari bado linamtaja muuzaji. Akiamua kuweka rehani benki, benki itapekua, itaona jina lake, itampa mkopo. Utabaki na kesi dhidi yake, na huenda hela keshaila.

Kwa hiyo fanya upekuzi, yaani kuangalia daftari la Msajili linasema nini, kabla ya kulipa, siyo baada. Utaona mmiliki, rehani na zuio kama vipo. Lakini siuamini upekuzi ukiwa peke yake. Hauonyeshi mke au mume ambaye ridhaa yake inahitajika kwa nyumba ya ndoa. Hauonyeshi mtu anayeishi pale. Milki pandikizi (kiwanja kimoja kumilikishwa watu wawili) zipo, maana yake daftari lenyewe hukosewa. Nenda na mpima kiwanjani alinganishe bikoni na ramani. Bikoni nyingine hutembea usiku.

Uhamisho wenyewe ni fomu namba 29, 30 na 35, zikisainiwa mbele ya wakili, pamoja na hati halisi, taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa, risiti za kodi ya pango la ardhi, na uthibitisho wa TRA kwamba kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu vimelipwa. Kinachokwamisha mafaili ni vitu vidogo: hati ina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, na hakuna aliyeandaa kiapo cha majina. Au pango halijalipwa miaka sita, na kila upande unasema ni la mwenzake. Liandikeni kwenye mkataba nani analipa.

Ukishaambiwa usajili umekamilika, fanya upekuzi mwingine. Ukikuta bado jina la muuzaji, faili lako limelala kwenye meza ya mtu.