Akaunti iliyonona ghafla haileti visa

Kazi yangu ni kuwashauri waombaji wa visa. Wiki iliyopita alinijia kijana mwenye barua ya udahili ya chuo cha Uingereza, pasipoti mpya na stetimenti ya benki ya kurasa sita. Nilianza na stetimenti, kama kawaida yangu. Miezi mitano salio linatambaa chini: pesa inaingia mwisho wa mwezi, katikati ya mwezi imekwisha. Kufika ukurasa wa sita, siku tatu kabla ya kuchapishwa, umeingia mkupuo mmoja unaozidi yote yaliyoingia miezi mitano ile. Nikamuuliza imetoka wapi.

"Hiyo ya kuonyesha tu, dada. Visa ikitoka inarudi kwa mjomba."

Ya kuonyesha tu. Laiti ningekuwa natoza kila nikilisikia neno hilo, ningekuwa nimeshastaafu. Watu wanaamini afisa wa visa anatafuta tarakimu kubwa chini ya karatasi, akiiona anagonga muhuri. Wapo hata mawakala wanaokodisha salio: unalipa kitu kidogo, pesa inalala kwako siku chache, unachapisha, inaondoka. Mteja anatoka pale akijiona mjanja, na kumbe amebeba ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Afisa hasomi kutoka chini. Anashuka na safu ya pesa zilizoingia, na anauliza mambo matatu: pesa hii ni ya nani, imepatikanaje, na siku ya kulipa karo itakuwepo? Mwenye mshahara wa kawaida aliyeweka akiba kidogo kidogo kwa mwaka mzima anayajibu yote matatu bila kufungua mdomo. Yule wa mkupuo wa juzi hajibu hata moja, na barua ya benki inayosema "mteja wetu mwema" haimsaidii.

Tena kila nchi ina utaratibu wake, ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyefanikiwa kwingine unaweza kukuangusha. Uingereza, kwa anayetakiwa kuonyesha fedha, kiasi chote kinatakiwa kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Kikipungua chini ya kiwango hata siku moja, unaanza kuhesabu upya. Na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla hujalipa ada na kutuma maombi. Hapo ndipo mtu mwenye pesa halali kabisa ananyimwa: alitoa kidogo siku ya 19 kulipia tiketi. Pia akaunti iwe ya mwombaji mwenyewe, ya mwenzi wake, au ya mzazi au mlezi wa kisheria pamoja na barua yake ya ridhaa na uthibitisho wa uhusiano. Stetimenti ya mjomba, hata awe tajiri vipi, haihesabiki.

Kanada wao huomba stetimenti za miezi minne iliyopita, kwa hiyo historia ya akaunti inasomwa yote. Marekani hakuna hesabu ya siku 28, na mdhamini anaweza kuwa ndugu mwingine, lakini chuo hakikupi fomu ya I-20, ile ya kuombea visa ya mwanafunzi, kabla hujathibitisha fedha za mwaka wa kwanza, na dirishani ubalozini afisa anaweza kukuuliza mdhamini wako anafanya kazi gani. Ukibabaika kutaja kazi ya mtu anayekulipia karo, stetimenti yake haitakuokoa.

Ujerumani ndiko mkupuo ulikokubalika, na ndiko wengi wanakoipata hii dhana. Mwanafunzi anaweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, kisha akifika anaachiwa euro 992 kwa mwezi. Lakini angalia: ile pesa hairudi kwa mjomba visa ikitoka. Imefungwa makusudi ili uile wewe. Mfumo mzima umejengwa kuzuia hiyo "ya kuonyesha tu".

Ushauri wangu, na wateja wangu wanajua siuachii: kama kuna pesa kubwa iliyoingia kwa mpigo, usiifiche wala usiombe Mungu isionekane. Andika barua ya ukurasa mmoja. Tarehe, kiasi, chanzo, na karatasi ya kuthibitisha: mkataba wa mauzo ya kiwanja, hati ya kiinua mgongo, barua ya mkopo wa elimu. Sentensi tano zinatosha. Sitaki kuona hadithi ya maisha yako humo, wala "naomba unihurumie".

Kuhusu stetimenti ya kughushi nitasema mara moja tu. Benki hupigiwa simu. Kanada ikikukuta na udanganyifu inakufungia miaka 5, Uingereza inaweza kukufungia miaka 10, na Marekani kizuizi hakina mwisho mpaka upate msamaha maalumu, ambao hautolewi kama pipi. Kunyimwa kwa upungufu wa fedha ni jambo dogo ukilinganisha na hilo.

Dhana nyingine ninazozisikia kwa wateja nazipitia haraka.

"Nilishanyimwa, basi imekula kwangu." Hapana. Marekani wengi hunyimwa kwa kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya 1952, kinachomhesabu kila mwombaji wa visa ya muda, kama ya masomo au utalii, kuwa anataka kuhamia moja kwa moja mpaka amridhishe afisa vinginevyo. Hakina rufaa, lakini unaweza kuomba tena, hata wiki ijayo. Ila usiende na karatasi zilezile na majibu yaleyale, kwa kuwa ada hairudishwi. Uingereza, mwanafunzi aliyeomba akiwa nje ya nchi hiyo ana siku 28 za kuomba uamuzi upitiwe upya, na hiyo ni kwa kosa la afisa, si kwa karatasi uliyosahau kuambatisha.

"Nisiseme nilinyimwa nchi nyingine, hawatajua." Watajua. Marekani, Kanada, Uingereza, Australia na New Zealand hupeana taarifa za uhamiaji, alama za vidole zikiwemo. Kunyimwa zamani kunaelezeka. Kuficha ndiko kunakogeuka udanganyifu, na adhabu zake nimekwisha kuzitaja.

"Ninaye mtu ndani ya ubalozi." Basi muulize huyo mtu wako kwa nini anakutafuta wewe na si wewe unayemtafuta yeye.

"Nitaingia na visa ya utalii, nitabadilisha hukohuko." Uingereza mgeni wa matembezi haruhusiwi kugeuza kuwa mwanafunzi akiwa ndani, atatoka na kuomba upya kutoka nje. Nchi nyingine zina milango midogo, lakini ukiingia mlango wa utalii huku vyeti vyote vya shule vimejaa kwenye begi, afisa wa uwanja wa ndege anajua kusoma.

"Visa yangu ni ya miaka miwili, nina haki ya kukaa miaka miwili." Hili linachanganya hata wasomi. Visa ya Marekani inakufikisha mlangoni tu. Afisa wa mpakani ndiye anayekuruhusu kuingia na kukuandikia utakaa mpaka lini. Tarehe iliyo kwenye stika ya pasipoti ni ya kusafiria. Kwa hiyo soma kumbukumbu yako ya kuingia, ile iitwayo I-94, siku hiyohiyo unapofika. Jina likikosewa herufi moja, lirekebishwe mapema kabla halijawa kesi.

Kwa wa visa za kazi, ninalosikia kila siku ni kwamba mtafuta kazi ndiye anayenunua barua ya udhamini. Uingereza mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali, bure. Fungua, tafuta jina la kampuni, uone. Kanada kibali cha kuajiri mgeni kinaombwa na mwajiri, dola 1,000 za Kanada kwa nafasi, na sheria inamkataza kuzidai kwa mfanyakazi. Anayekuuzia hicho kibali anakuuzia hewa, au anakuuzia kosa la jinai.

Na yule kijana? Tulimpigia mjomba palepale ofisini. Nilimweleza ilivyo: pesa ikikaa kwa mpwa wako iwe ni yake kweli, ya karo, si ya kurudi, la sivyo usimharibie jina. Alinyamaza kidogo, akauliza karo ni kiasi gani kwa mwaka, akacheka, akasema basi iende. Ameandika barua ya zawadi na kuambatisha stetimenti yake ya miezi sita. Leo ni siku ya 11. Nimemwambia kijana asitoe hata nauli.