Kizimba Kisipigwe Msasa

Kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale. Nikiitwa kwenye mahakama ya zamani inayogeuzwa makumbusho, huanzia kizimbani. Nashika ubao wa juu. Pale washtakiwa waliposhika miaka nenda miaka rudi, vanishi imetoka na mti umebonyea. Ukiumulika kwa tochi kutoka ubavuni, utaona mikwaruzo ya kucha. Siku moja nilimkuta fundi ameshakunja msasa, anataka ubao ung'ae kama mpya. Nikamwomba, "Fundi, hapo pasiguswe." Tulisimama tukauangalia pamoja, naye akaurudisha msasa mfukoni.

Chumba cha kusikilizia kesi ndicho onyesho kubwa kuliko yote, nacho huharibiwa na watu wenye nia njema kabisa. Huko Marekani, Dred Scott na mkewe Harriet walidai kutolewa utumwani katika mahakama ya St. Louis, na kesi ikasikilizwa 1847, kisha tena 1850. Jengo lingalipo, na ni makumbusho. Chumba chenyewe hakipo: kiliondolewa katika ukarabati wa 1855, miaka miwili kabla ya Mahakama ya Juu ya Marekani kutoa ile hukumu ya kumnyima uhuru, iliyolifanya jina la Scott lijulikane kote. Waliokivunja wangejuaje?

Kwa hiyo kabati za vioo, picha na zana za wenyeji ziende masijala na ofisi za makarani. Kiti cha hakimu, meza za mawakili na mabenchi ya wasikilizaji vibaki palepale. Majalada nayo yanataka subira. Karatasi za zamani haziwekwi kwenye mwanga unaozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), na jina lililomo kwenye rejista ya wahalifu huenda ni la babu ya mtu anayeishi mtaa wa pili. Mimi husema familia iulizwe kwanza.

Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea usoni ukakauka. Ukiufunika kwa lipu ya saruji, unyevu unakosa njia, unazidi kupanda, na chumvi inalila jiwe kwa ndani. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukisikia mvumo wa kitu kitupu, lipu imeshaachana na ukuta. Nimebandua lipu za namna hiyo na kukuta jiwe linamomonyoka kama unga. Inaniuma kila mara. Mifereji ya paa izibuliwe kwanza, kisha ukuta upakwe chokaa.

Najua wageni watataka kushika kizimba, hasa watoto. Wachongeeni nakala ya ubao ule, muiweke kando ya ule wa asili, na upande wa chini mwandike mwaka ilipotengenezwa.