Je, wajua kwa nini madrasa za Indonesia huwafundisha watoto kuuza?

Ukisikia madrasa, usifikirie chuo cha jioni cha Kurani peke yake. Indonesia, madrasah ibtidaiyah ni shule ya msingi kamili ya miaka 6, yenye hesabu na sayansi pamoja na dini. Baadhi huwa na siku ambayo uwanja hugeuka soko, watoto wakiwa ndio wachuuzi.

Tazama meza moja tu. Mtoto ana sahani ya ndizi za kukaanga, na daftarini kaandika bei ya ndizi, unga na mafuta. Akishajua mtaji ndipo ajue faida, na katika faida atoe sadaka.

Kwa nini kuuza, wakati uaminifu ungefundishwa ubaoni? Walimu huko hujenga somo juu ya sifa 4 za Mitume: ukweli, amana, kufikisha ujumbe na werevu. Mtoto anaweza kuzikariri zote, apate 100 kwa 100, na asijaribiwe hata kwa moja. Ndizi iliyoungua upande mmoja humjaribu papo hapo: aulaze chini upande ule, au amwonyeshe mnunuzi?

Swali hilo ni la kale. Katika Sahihi Muslim, mkusanyo wa Hadithi, Mtume Muhammad (s.a.w.), ambaye mwenyewe aliwahi kusafirisha biashara ya Bibi Khadija, alipita kwa muuza nafaka, akatia mkono kwenye lundo, vidole vikaloa. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu watu waione, kisha akasema aghushiye si katika yeye. Sura ya 83 ya Kurani nayo inaanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo.

Ziko pia kantini za uaminifu, kantin kejujuran, ambazo serikali ilizihimiza mashuleni mwishoni mwa miaka ya 2000. Hazina muuzaji: mtoto anachukua kitafunwa, anatia hela kwenye kisanduku, anajirudishia chenji. Nyingi zilifungwa kwa sababu hela zilikuwa zikipungua.

Kwangu mimi, kuzifunga ni kukatisha somo lilipoanza kunoga. Kisanduku kifunguliwe mbele ya darasa siku ileile, kilichopungua kiandikwe ubaoni, asipekuliwe mtoto yeyote, na kesho yake vitafunwa virudi palepale.