Risasi si risasi: kata waya uutazame tumbo

Mara ya tatu mwezi huu. Kijana kaniletea amplifaya ya kanisa hapa Arua, kaichomelea mwenyewe. Namuuliza alitumia waya gani wa risasi, ule tunaouyeyusha kuunganisha vipuri. "Fundi, risasi ni risasi, bora iyeyuke." Nikaigeuza bodi: ukungu wa kijani kuzunguka miguu ya transista, na njia mbili za shaba zimelika hadi kukatika.

Kilichokula shaba ni asidi. Waya na pasta ya mafundi bomba vina asidi ya kung'oa kutu, na kwenye mabomba inafanya kazi nzuri, kwa sababu bomba unalisuuza. Kwenye bodi inajificha chini ya vipuri, inavuta unyevu, inaendelea kula hata redio ikiwa imezimwa. Waya wetu sisi mafundi wa redio una ulimbo wa msonobari tumboni, si asidi hiyo. Ukate mshazari kwa wembe mkali, maana koleo huubana na kuziba kitundu. Katikati utaona kitu cha rangi ya asali. Usipokiona, rudisha dukani.

Unene hauna maneno mengi: milimita 0.8 kwa amplifaya, 0.5 kwa simu.

Mchanganyiko ndio unaonikosesha raha. Bati asilimia 63 kwa madini ya risasi asilimia 37 huyeyuka na kuganda palepale kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile ya 60 kwa 40 hubaki uji mpaka karibu 190, na mkono ukitikisika wakati wa uji, kiungo kinapata ufa usiouona. Sasa, nimenunua roli zenye lebo ya 63 zikaganda kama uji. Lebo naisoma, lakini naamini tone: liyeyushe, ondoa moto, litazame. Likiganda kwa mpigo mmoja, ndiyo yenyewe.

Waya usio na risasi huanza kuyeyuka kwenye 217 na kuendelea, na hufifia kwa asili yake. Acheni kuchomelea upya kiungo kizuri kwa sababu tu haking'ai!

Kwa matengenezo bado natumia yenye risasi, na moyo wangu hautulii, kwa kuwa ni sumu na watoto huingia karakanani. Moshi unaouona ni wa ulimbo. Nao unaumiza mapafu, fungua dirisha. Risasi inabaki vidoleni. Kabla ya kugusa chapati, sabuni.

Ile amplifaya niliisugua kwa spiriti na mswaki, nikaunganisha njia zilizokatika kwa nyuzi za shaba. Chaneli ya kushoto imerudi. Ya kulia bado naihangaikia.